Dengu Katika Pango la Kambare

Mdogo wangu hakuwahi kumdanganya binadamu, lakini samaki alikuwa akiwadanganya kila mwezi. Alikinga maji ya mvua kwenye ndoo, akayaweka kivulini nyuma ya nyumba mpaka yapoe, halafu akayamimina kwenye tangi la kioo kikombe kimoja kimoja, ili kambare wake wadhani mvua kubwa zimeanza na wakumbuke kuzaana. Nje jua linaweza kuwa linapasua mawe. Ndani ya tangi ni masika.

"Unawaitia mvua ya uongo," nilimwambia. "Siku wakichungulia dirishani utawajibu nini?"

"Samaki hachungulii dirishani, Dada."

"Samaki anayekula tango la kuchemshwa, tena limekatwa duara kama la hotelini? Huyo ameshasoma. Atachungulia."

Alicheka mpaka akamwaga kikombe. Mdogo wangu hucheka kwa mabega, bila sauti, na tangu utotoni kazi yangu ilikuwa kuyachezesha yale mabega. Kazi nyingine zote nilizifanya kwa sababu ya njaa.

Tunaishi wawili, wajane wawili, kwenye nyumba ya vyumba vitatu. Yeye alishona nguo miaka arobaini na mtaa mzima unamwita Fundi. Hata mimi niliyembeba mgongoni namwita Fundi. Mimi niliuza nafaka sokoni mpaka magoti yakagoma. Hata leo chini ya kitanda changu kuna vigunia vya maharage, choroko na dengu, kwa sababu muuza nafaka haachi nafaka, anaacha soko tu.

Tangi la kwanza alilipata kwa Bwana Kioo, yule mwenye duka la samaki wa mapambo, ambaye hukata vioo mwenyewe na ana makovu ya kuthibitisha. Fundi alimshonea mapazia, yeye akampa tangi lenye ufa mdogo na kambare wawili. Ufa ukazibwa, kambare wakazaana, na sasa sebule yetu ina matangi matano. Wageni wakija wanakaa jikoni.

Hawa si kambare wa mtoni wa kutia sufuriani. Ni wadogo, urefu wa kidole cha kati, mdomo uko chini ya kidevu, na hujibandika kwenye kioo kama stempu kwenye barua. Dume ana ndevu za nyama zilizoota mpaka kwenye paji la uso. Nilipomwona mara ya kwanza nilimsalimia, nikidhani ni shemeji.

Kilichonifurahisha zaidi ni desturi yao. Dume hutafuta pango. Fundi aliwawekea chungu kidogo cha udongo kilicholazwa ubavu. Jike huingia, hutaga, kisha dume humfukuza. Baada ya hapo ni yeye peke yake na mayai. Anayalinda, anayapepea kwa mapezi mchana na usiku ili maji yasisimame juu yake yakaota ukungu. Hatoki kula, hatoki kutembea, mpaka watoto waanguliwe.

"Hiyo dini nimeipenda," nilisema. "Mimi ningetaga nikaenda zangu sokoni. Marehemu shemeji yako alijua kupepea gazeti tu."

Sheria ilikuwa moja. Ukishaona mayai, pango haliguswi. Dume akisumbuliwa huyatupa mayai nje, na mayai bila baba hayafiki popote. Sheria hiyo niliijua vizuri kama yeye. Naomba mlikumbuke hilo.

Katika tangi la katikati kulikuwa na jozi aliyoipenda kuliko zote: wa manjano kama siagi, wenye mapezi marefu yanayoburuzika nyuma kama shela la bibi harusi. Dume tulimwita Mzee, jike Bibi Harusi. Mwaka wa tatu ulikuwa unakwisha na hawajataga. Fundi alitaka kitu kimoja tu, na alikisema mara nyingi akiwa amegusisha pua kwenye kioo: "Nataka niwaone watoto wa hawa kwa macho yangu."

Kwa macho yangu. Alisema hivyo waziwazi, na mimi nikasikia maneno ya kawaida.

Tena nikamtania. "Hebu mbusu tu yaishe, pua imeshafika." Alipoanza kuniletea sindano nimtungie uzi, yeye fundi wa miaka arobaini, nilimwambia uvivu wa uzeeni ni mbaya. Alipoweka sukari mara mbili kwenye chai yangu nilimshukuru. Alama zote zilikuwa mezani, nami nikazifanyia mzaha moja baada ya nyingine, kama mtu anayevunja karanga.

Siku moja Bwana Kioo alikuja kutazama pampu ya hewa iliyokuwa ikikohoa. Akamwambia Fundi, "Wakitaga utajua tu. Mayai yao ni ya rangi ya chungwa, makubwa kiasi cha punje ya dengu. Yanashikana kama kichala."

Kiasi cha punje ya dengu. Hapo ndipo shetani aliponikonyeza.

Nilingoja siku ambayo Fundi alikwenda zahanati, kuchukua dawa za presha, alivyosema. Nilikuwa nimeshaloweka konzi ya dengu za rangi ya chungwa. Kwenye kapu lake la vitambaa nikapata kipande cha wavu wa shela, mwembamba usioonekana majini. Nikazifunga dengu humo, nikatengeneza kichala kizuri ambacho hata Bibi Harusi angekionea wivu. Mzee alikuwa ametoka pangoni kukwangua kigogo cha mti kilichomo tangini, nami nikakisukumiza kichala mpaka ndani kabisa ya chungu. Nilicheka peke yangu jikoni. Nikasema, anayedanganya samaki naye adanganywe kidogo. Nitamwambia wakati wa chai.

Alirudi mchana. Hakuvua viatu. Alipita moja kwa moja mpaka kwenye kiti chake mbele ya tangi, akawasha tochi, akakaa muda mrefu.

"Dada," akaita. "Njoo."

"Kuna nini?"

"Njoo wewe uone. Nadhani kuna kitu pangoni. Hebu niambie siyo mawazo yangu."

Nikainama karibu naye. Mzee alikuwa amerudi nyumbani, akakuta mzigo, na mjinga wa watu alikuwa amekaa mlangoni anaupepea. Dengu zangu zilikuwa zimepata baba.

"Ni rangi gani?" Fundi aliuliza.

"Ya chungwa."

"Ni mengi?"

"Mengi," nikasema. "Kipimo kizima cha sokoni."

Nilidhani ataligundua hilo la kipimo, aniangalie, tucheke. Badala yake alizima tochi, akaniegemea begani, akalia. Hakulia vile siku tuliyomzika mumewe. Alishika mkono wangu akasema, "Leo, Dada. Yaani leo. Mungu ana siri." Sikujua anasema nini kuhusu leo. Nilijua tu kwamba wakati wa chai haukuwa umefika.

Haukufika jioni, wala kesho yake, maana alikuwa ameshampigia simu binti yake, na Bwana Kioo, na mteja wake wa zamani aliyehamia mbali. Kila nilipofungua mdomo alikuwa anamweleza mtu. Mzaha ukishapata wageni, mwenye mzaha hawezi tena kuufukuza.

Siku ya tatu Bwana Kioo alikuja na wafugaji wenzake wawili, wamevaa mashati ya kutokea. Binti ya Fundi naye alikuja, yule anayefanya kazi kwenye duka la dawa. Bwana Kioo alipiga magoti, akanusa juu ya tangi.

"Fundi, maji yako yameingia utelezi. Na yananuka... sijui yananuka nini."

"Jikoni," akasema mmoja wa wenzake.

Bwana Kioo alimulika tochi yake kubwa, akakunja uso, akatia mkono. Fundi alipiga kelele, "Usiguse!" lakini mkono ulikuwa umeshatoka na kile kifuko cha shela, kinachuruzika, dengu zimevimba na kupasuka.

Akakiangalia. Akaniangalia mimi. "Fundi," akasema taratibu, "samaki wako wamezaa mchuzi."

Wale wawili waliangua kicheko mpaka wakashikana. Bwana Kioo naye hakuweza kujizuia. Fundi alipapasa kile kifuko kwa vidole, akalitambua shela lake.

"Dada amenipata," akasema, akatabasamu kwa wageni. Lakini mimi nilikuwa naangalia mabega, na mabega hayakutikisika.

Wageni walipoondoka binti yake alinivuta mpaka kibarazani.

"Mama mkubwa, unajua juzi alikuwa anatoka wapi?"

"Zahanati. Presha."

"Presha ya macho. Jicho la kulia limekwisha zamani. La kushoto daktari alimwambia siku hiyo hiyo asitegemee litavuka mwaka. Halafu akarudi nyumbani akakuta dengu zako."

Niliketi kwenye ngazi. "Mbona hakuniambia?"

"Alinikataza. Alisema ukijua utaacha kumtania, na nyumba itakuwa kimya."

Wahenga walisema mzaha mzaha hutumbuka usaha. Nimeitaja methali hiyo kwa watoto wa watu maisha yangu yote, nikiwa na uso wa mtu ambaye haimhusu.

Sikumwambia kwamba najua. Nilibadilisha maji ya tangi zima kwa magoti yangu haya, ndoo kwa ndoo. Niliacha mizaha kwa wiki nzima, mpaka mwenyewe akauliza, "Dada, unaumwa?" Kwa hiyo nikaanza tena kidogokidogo, mizaha isiyo na meno, nikasema Mzee amenyoa ndevu, nikasema Bibi Harusi ameomba talaka. Alicheka. Na akawa anajihadhari na mimi, kwa furaha, kama tulivyokuwa wasichana: anapapasa kiti kabla ya kukaa, ananusa chai kabla ya kunywa. "Safari hii hunipati," alikuwa akisema.

Wiki ya sita baada ya mzaha ule nilisafiri kwenda kumzika mwenzangu wa sokoni. Nililala huko usiku mmoja na kurudi kesho yake kabla ya saa sita. Fundi alikuwa mezani anachambua maharage kwa vidole, na uso wake ulikuwa unang'aa kama wa mtoto aliyeficha kitu.

"Karibu, bibi wa dengu," akasema. "Leo hukunipata."

"Nimefanya nini tena?"

"Usijitie. Ulidhani ukisafiri sitakushuku? Nimeamka nimemulika pangoni, nikaona rangi ya chungwa hiyo, na Mzee mpumbavu anapepea kama juzi. Nikasema, ahaa. Dada amenitegea kabla ya kuondoka." Akainua kidole. "Nilitaka nikungoje urudi. Halafu nikasema hapana, acha na mimi nimshinde mara moja maishani. Nikatoa chungu, nikazikwangua zote kwa kijiko, nikafungulia bomba. Ulizigandisha na nini, mwanamke wewe? Unga? Zilishika kweli!"

Sikuwa nimetega kitu.

Niligeuka nikatazama tangi la katikati. Chungu kilikuwa dirishani, kimeoshwa, kinakauka. Mzee alikuwa mahali pale pale chungu kilipokuwa, juu ya changarawe tupu, anapepea maji.

Kuna maneno mawili nilikuwa nayo mdomoni. Moja lilikuwa la kweli, na lingemwambia mdogo wangu kwamba kitu alichokingoja miaka mitatu amekimwaga kwa mkono wake mwenyewe, kwa kijiko cha chai. Jingine lilikuwa la uongo, na lingemfanya aamini kwamba nilikuwa tayari kumfanyia tena mzaha ule ule, hata baada ya kumwona akiaibika mbele ya watu. Sikuwa na la tatu. Nimelitafuta mpaka leo.

"Umenishinda, Fundi," nikasema, nikacheka. "Unga na maji ya moto."

Mabega yake yakatikisika. Yalitikisika mpaka maharage yakadondoka mezani.

Alipokwenda kulala kidogo baada ya chakula nilifungua kichujio cha sinki. Yalikuwemo tisa, yamenasa kwenye matundu. Niliyapanga kwenye kiganja nikayaleta kwenye mwanga. Dengu huwa haina kitu ndani. Haya yalikuwa na vidoa viwili vyeusi kila moja, ubavu kwa ubavu. Macho. Yalikuwa yameshaota macho, na yalikuwa yananitazama mimi, muuza dengu.

Niliyatia kwenye kikombe, nikachomeka mpira wa pampu ya hewa, nikakificha chini ya kitanda kati ya vigunia. Nilipepea kwa kijiko kila nilipoamka, na sikulala sana. Siku ya pili yalikuwa yameota manyoya meupe ya ukungu. Niliyazika nyuma ya nyumba, karibu na ndoo za mvua.

Watu husema majuto ni mjukuu, kwamba huja baadaye. Mimi sijabahatika kupata mjukuu. Labda ndiyo maana haya yameona yahamie kwangu moja kwa moja na mizigo yao.

Jicho la kushoto halikungoja mwisho wa mwaka. Asubuhi moja aliniuliza kama umeme umekatika, na dirisha lilikuwa wazi, jua limejaa sebuleni. Hapo tukaacha kufichana hilo moja. Nilijifunza kazi yake yote. Yeye alikaa kwenye kiti chake akaniongoza kwa masikio: "Chujio linanguruma, lioshe." "Pampu ya tangi la pili imechoka." "Tango umelichemsha mno, nasikia harufu." Nami nikawa namwagia kambare mvua ya uongo, kikombe kimoja kimoja, kila mwezi, nikiwaomba msamaha.

Ilichukua miezi minane. Siku nilipoyaona mayai sikusema kitu. Nilitandaza kanga juu ya tangi, nikatembea kwa vidole vya miguu siku kumi na moja, na mtu akifunga mlango kwa nguvu namkaripia mpaka anajuta kuzaliwa. Fundi aliuliza mbona nyumba imekuwa ya kinyonga. Nikasema ni magoti.

Siku ya kumi na mbili nilifunua kanga nikakuta wako nje. Wadogo, wembamba kuliko ukucha wa mtoto, wa manjano, wamejibandika kwenye kioo.

"Fundi," nikasema. "Mzee ana watoto."

Hakugeuza uso. Pampu zilipiga mapovu yake. Kisha akauliza, bila ukali wowote, "Ni dengu?"

"Si dengu."

"Apa."

Nikaapa kwa kaburi la mama yetu. Hilo sikuwahi kulichezea, naye anajua. Lakini nilimwona anasita hata hivyo, kidogo tu, kama mtu anayekanyaga ubao uliowahi kumvunjikia. Kusita kule nimekupanda mimi mwenyewe, nimekumwagilia, kumeota.

"Hesabu," akasema.

Nikahesabu kwa sauti, nikianzia juu, nikirudia kila waliposogea. Arobaini na mmoja.

"Wana shela?"

"Bado. Ncha tu, kama uzi uliochomoza kwenye pindo."

Alitabasamu kwa hilo pindo. Akafikiri. Halafu akauliza, "Na zile za kijiko, Dada. Zilikuwa dengu?"

Nilimtazama. Vidole vyake vilikuwa vinasuguana juu ya goti, kidole gumba na cha shahada, kama fundi anayepima kitambaa ambacho hakioni.

"Dengu," nikasema. "Na unga."

"Ndiyo." Vidole vikaendelea kusuguana. "Unga wako ulikuwa laini sana."

Aliinuka, nikamshika kiwiko, nikampeleka mpaka kwenye tangi. Alikunja mkono wa gauni mara mbili, sawasawa, kama anavyokunja kila kitu, akatia mkono majini mpaka kwenye kifundo. Akautuliza. Tulisimama hivyo muda mrefu, yeye amefumba macho ingawa hakukuwa na haja.

"Yupo mmoja hapa," akasema kwa sauti ndogo. "Kwenye kidole. Ananifyonza. Dada, ni mdogo kweli."

Nilichungulia. Vifaranga wote arobaini na mmoja walikuwa wamejibandika upande wa pili, nyuma ya kigogo, wameukimbia mkono. Hakuna hata mmoja aliyekuwa karibu na kidole chake. Alikuwa ameelekeza uso kwangu, anangoja.

"Ndiyo," nikamwambia. "Hata mimi namwona."